Shafti Ikitoka, Gia Haishiki Gari: Somo la Kubadilisha Shafti za Mbele Nyumbani



Katika toleo hili tumechagua somo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la gereji kuliko la kituo cha polisi. Tumelichagua kwa sababu barabara inayotoka Nchelenge na Kashikishi, ikavuka mto Kalungwishi, ikapita Mununga na kufika Chienge hadi mpaka wa Lunchinda, haina gereji nyingi. Gari linapoanza kugonga upande wa mbele, mwenye gari mara nyingi huona njia mbili tu: aendelee kuliendesha hadi shafti ikatike, au alitengeneze mwenyewe uani kwake, chini ya mwembe, huku ndugu na jirani wakimsaidia.

Njia ya kwanza yahatarisha maisha ya watu. Njia ya pili yawezekana, nasi hatumkatazi mtu kulitengeneza gari lake nyumbani. Hata hivyo kazi hiyo ina hatari zake, na mojawapo wengi hawaijui mpaka wameumia: shafti ya mbele ikikatika au ikitolewa, gia haiwezi tena kulizuia gari lisitembee. Twaomba kila asomaye somo hili alishike neno hilo kabla ya kushika spana.

Shafti na kazi yake

Magari mengi madogo yanayoingia kwetu kutoka Japani, kama vile Toyota Corolla, Vitz na Ist, huvutwa na magurudumu ya mbele. Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, ikatoka kwa fito mbili za chuma, moja kulia na nyingine kushoto. Fito hizo ndizo shafti za mbele.

Gurudumu la mbele lina kazi ngumu. Huzunguka, hukata kona, na papo hapo hupanda na kushuka barabara inapokuwa na mashimo. Kwa hiyo kila shafti ina viungo viwili. Kiungo cha nje, kilicho karibu na gurudumu, kwa kawaida hubeba gololi sita ndani ya bakuli la chuma. Chatokana na ubunifu wa mhandisi Alfred Rzeppa wa miaka ya 1920. Kiungo cha ndani, kilicho karibu na giaboksi, huweza kuteleza kuingia na kutoka kidogo, ili shafti ifuate mwendo wa gurudumu.

Viungo vyote viwili vimejazwa grisi na kufunikwa na mpira wenye mikunjo ambao mafundi huuita buti. Uhai wa kiungo umo ndani ya buti hilo. Buti likipasuka, grisi hutupwa nje kila gurudumu linapozunguka, na mahali pake huingia maji na mchanga. Njia zetu za ufukweni ni mchanga mtupu wakati wa kiangazi na madimbwi wakati wa masika. Mchanga uliochanganyika na mabaki ya grisi hula gololi kama msasa.

Hapa ndipo palipo na akiba ya mwenye gari. Buti lililopasuka leo, kabla kiungo hakijaanza kulia, laweza kubadilishwa kwa gharama ndogo: kiungo husafishwa, hutiwa grisi mpya nyeusi ya viungo hivi, na hufungwa buti jipya. Kiungo kikishaanza kulia, buti jipya halikiponyi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Dalili za kusikiliza

Dalili ya kwanza ni mlio wa *tak-tak-tak* unaosikika gari linapokata kona kali huku likiongeza mwendo. Mlio huo hutoka katika kiungo cha nje. Dalili ya pili ni mtikisiko unaokuja unapokanyaga mafuta na kupungua unapoachia. Mara nyingi hutoka katika kiungo cha ndani. Dalili ya tatu ni ya macho: grisi nyeusi iliyorukia upande wa ndani wa rimu, mkono wa chini wa gurudumu na mipira ya breki.

Anayesikia mlio huo na kuendelea kubeba abiria hawezi kusema kwamba ajali ilimjia bila taarifa. Sheria ya Usafiri Barabarani ya Zambia, Namba 11 ya mwaka 2002, yamtaka mwenye gari alitunze katika hali isiyohatarisha wengine. Na hata pasipo sheria, tukumbuke nani huketi katika magari haya: mama mjamzito anayekimbizwa Hospitali ya St. Paul's kule Kashikishi usiku, watoto wanaorudi shule, wafanyabiashara wa samaki wanaokwenda Pweto na kurudi.

Kwa nini gia haishiki

Tueleze sasa jambo tulilolitaja mwanzoni. Ndani ya giaboksi la gari la aina hii mna difu, yaani kifaa kinachogawa mzunguko kati ya gurudumu la kulia na la kushoto, ili magurudumu hayo yaweze kuzunguka kwa mwendo tofauti katika kona. Difu ya kawaida hupeleka mzunguko kule kunakozunguka kwa wepesi zaidi.

Shafti moja ikikatika, upande huo hauna tena mzigo. Mzunguko wote hukimbilia huko, na gari haliendi hata injini ikinguruma. Wengi wanalijua hilo. Wasilolijua ni kwamba jambo hilohilo hutokea kinyume chake. Gari likiwa limeegeshwa mteremkoni katika gia ya kwanza, au katika P kwa gari la otomatiki, gurudumu zima laweza kuzunguka kwa uhuru, kwa kuwa difu hupitishia mzunguko wake upande uliokatika. Mwenye gari ameweka gia na kushuka akiwa na amani moyoni, kumbe gari halijashikwa na kitu.

Tuchukue mfano wa bandari ndogo za ziwa Mweru. Magari hushuka hadi karibu na maji ili kupakia samaki, na mahali hapo ndipo wanawake huanika chisense na watoto hucheza. Gari lililokatika shafti likiachwa hapo kwa kutegemea gia, litateremka kwa uzito wake wote. Kwa hiyo kanuni ni moja: gari lenye shafti mbovu au lisilo na shafti hushikwa kwa breki ya mkono na kwa kabari zilizowekwa kwenye magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma yake. Kama breki ya mkono haifanyi kazi, itengenezwe hiyo kwanza.

Kununua shafti

Kabla ya kazi, kipuri. Shafti ya kulia na ya kushoto mara nyingi hutofautiana urefu, na shafti za gari la aina moja lenye injini tofauti zaweza zisilingane. Andikeni namba ya chasi na aina ya injini, mwende nazo dukani. Mkiweza, linganisheni ya zamani na mpya zikiwa zimelazwa pamoja: urefu, idadi ya meno ya kila ncha, unene wa ncha ya nati, na kama gari lina breki za ABS, pete yenye meno kwenye kiungo cha nje.

Shafti nyingi zinazouzwa mpakani zimetolewa katika magari mengine. Si kosa kuuza wala kununua kipuri kilichotumika. Kosa ni kupokea mali huku ukijua kuwa imeibwa, na Kanuni ya Adhabu ya Zambia yaliadhibu kosa hilo. Takeni risiti yenye jina la muuzaji, tarehe na gari ambalo kipuri kimetoka. Muuzaji anayekataa kuandika lolote, anayeuza usiku, au anayetaja bei ya chini kupita kiasi, amewaonya tayari. Na kipuri kinachovuka Lunchinda kipitishwe kwa maofisa wa forodha. Karatasi ya forodha ni kinga yenu siku mtakapoulizwa.

Kazi yenyewe

*Mahali.* Chagueni ardhi tambarare na ngumu. Majira ya kufungwa kwa uvuvi, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, huwapa wengi nafasi kwa kuwa magari ya samaki hupumzika. Lakini ndiyo majira ya mvua, na jeki huzama katika udongo laini. Wekeni ubao mpana na mnene chini ya jeki. Watoto wakae mbali.

*Kulegeza nati kubwa.* Gari likiwa bado chini, vuteni breki ya mkono na mweke kabari. Ondoeni kifuniko cha katikati ya rimu. Nati ya shafti huzuiwa isijifungue kwa pini iliyopinda au kwa ukingo uliogongwa kuingia katika mfereji wa shafti. Toeni pini, au inueni ukingo huo kwa tindo nyembamba. Mtu mmoja akanyage breki, mwingine alegeze nati kwa soketi ya kipimo chake, ambacho kwa magari mengi madogo ni mm 30. Legezeni pia nati za gurudumu kwa robo mzunguko.

*Kuinua.* Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Gari likishainuliwa, liketi juu ya stendi za chuma zilizowekwa kwenye sehemu imara za bodi ya chini. Asiye na stendi apange magogo mapana yaliyokatwa sawa, safu moja ikipishana na nyingine kwa msalaba. Tofali na bloku za saruji hazifai, kwa kuwa hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Gurudumu lililotolewa lilazwe chini ya ubavu wa gari kama kinga ya mwisho. Kisha lisukumeni gari kwa mikono; likitikisika juu ya stendi, lishusheni mpange upya. Mtu asiingize kichwa wala kifua chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

*Oili.* Katika magari mengi, shafti ikitoka oili ya giaboksi humwagika. Hakikisheni kwanza kuwa mnaweza kufungua nati ya kujazia, ndipo mfungue ya kumwagia. Aliyemwaga oili na kushindwa kufungua ya kujazia amelifunga gari lake. Kingeni oili katika beseni. Isimwagwe mchangani wala ziwani, kwa kuwa maji hayo ndiyo tunywayo na ndiyo yatupayo samaki.

*Kutoa.* Ondoeni waya wa ABS kama upo. Tenganisheni tairodi na boljointi ya chini ili nguzo ya gurudumu ipate nafasi ya kusogea. Kama kalipa ya breki italazimika kutolewa, ifungwe kwa waya mahali pa juu. Isining'inie kwa mpira wake. Rudisheni nati ya shafti hadi ilingane na ncha, ili meno yake yasiharibike, kisha gongeni taratibu kwa nyundo ya mbao au ya shaba mpaka shafti ilegee ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Toeni nati na mwivute habu nje.

Upande wa giaboksi, ingizeni mtaimbo mfupi kati ya kiungo cha ndani na ganda la giaboksi, mkikwepa sili ya oili, kisha mkikwanyue kwa nguvu ya ghafla lakini fupi. Msiivute shafti kwa ufito wake, kwa kuwa kiungo cha ndani kitachomoka. Fanyeni upande mmoja na kuumaliza kabla ya kugusa wa pili. Katika giaboksi nyingine, shafti zote mbili zikitoka pamoja, gia za ndani ya difu huhama mahali pake.

*Kuweka.* Kagueni sili ya oili. Ikiwa imechanika, iwekeni mpya sasa. Pakeni oili kidogo kwenye mdomo wake. Hakikisheni ncha ya shafti mpya ina klipu mpya ya duara, na mwanya wa klipu uelekee chini. Ingizeni shafti ikiwa imenyooka, kisha isukumeni mara moja kwa nguvu hadi isikike ikinasa. Shikeni ganda la kiungo cha ndani na mlivute kwa mkono: likitoka, klipu haijanasa, na shafti hiyo ingechomoka barabarani. Halafu ingizeni ncha ya nje katika habu, rudisheni boljointi, tairodi na waya, na mtie pini mpya mahali palipokuwa na pini.

Nati kubwa: mahali pa kutofanya haraka

Nati ya shafti hubana pia beringi ya gurudumu. Ikilegea, beringi hufa, na gurudumu laweza kuyumba hadi kutoka. Tumieni nati mpya kama ya zamani ilikuwa ya kugongwa ukingo. Ikazeni kiasi gari likiwa juu, rudisheni gurudumu, lishusheni gari, kisha, kabla halijasogea hata hatua moja, mtu akanyage breki na nati ikazwe kikamilifu.

Kiasi cha kukaza kimeandikwa katika kitabu cha gari. Kwa magari mengi madogo hukaribia au huzidi kidogo Nm 200. Asiye na spana ya kupimia anaweza kupata makisio mazuri kwa kifaa kilicho katika kila soko letu: mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki. Chomekeni bomba katika mpini wa soketi, likilala sawasawa na ardhi na kuelekea kushoto kwa mtu anayelitazama gurudumu. Pimeni mita 1 kutoka katikati ya nati, mnase mizani hapo, na mvute juu taratibu. Mizani ikisoma kilo 20, nati imekazwa kwa takriban Nm 196. Njia hii ni ya msaada. Fundi mwenye spana halisi aihakikishe mapema iwezekanavyo. Mwishowe gongeni ukingo wa nati uingie katika mfereji wa shafti, au wekeni pini mpya na kuipinda.

Nati za gurudumu zikazwe kwa msalaba. Jazeni giaboksi kwa oili ya aina iliyoandikwa kitabuni, si yoyote iliyopo dukani.

Kujaribu gari

Gari lisipelekwe barabarani moja kwa moja. Jaribuni uani au uwanjani: mbele na nyuma polepole, kisha mduara wa kulia na wa kushoto usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho. Sikilizeni. Kanyageni breki mara kadhaa. Tazameni chini kama oili yavuja. Baada ya kilomita 50 hivi, kazeni upya nati za gurudumu na mwangalie kama alama ya nati ya shafti imesogea. Gari linalobeba abiria kwa malipo lipelekwe kwa fundi mwenye ujuzi na kwa wakaguzi kabla ya kurudi kazini, hata kama kazi ya nyumbani imekwenda vizuri.

Shafti ikikatika njiani

Ondoeni mguu kwenye mafuta, shikeni usukani sawasawa na mkanyage breki kwa upole, kwa kuwa shafti inayopiga huku na huku yaweza kukata mpira wa breki. Kwa upande wa Zambia, tokeni ukingo wa kushoto. Mkishavuka kuelekea Pweto, ukingo ni wa kulia, kwa kuwa Kongo huendesha kulia. Vuteni breki ya mkono na mweke mawe kwenye magurudumu kabla abiria hawajaanza kushuka. Wekeni pembetatu za onyo mbele na nyuma. Matawi ya miti yakitumika, yaondolewe gari likiondoka. Tawi lililosahauliwa barabarani usiku limekuwa mtego kwa mwendesha baiskeli.

Maswali ya kujadiliana barazani

1. Kwa nini gari lililokatika shafti haliwezi kushikwa na gia, wala na P?
2. Katika kijiji chetu, magari huegeshwa wapi yakielekea majini au mahali pa watoto? Nani atatunza kabari mahali hapo?
3. Muuzaji wa vipuri akikataa kutoa risiti, tufanye nini sisi na jirani zetu?
4. Oili chafu ya giaboksi twaipeleka wapi?

Kabari mbili za mbao hazigharimu chochote kwa mwenye panga na gogo. Tungependa, kabla toleo lijalo halijawafikia, kila gari linaloshuka bandarini kutoka Mununga hadi Chienge liwe na zake ndani ya buti la mizigo.